Mengineyo

Jumapili alipika kuku,
yaani mgongo, shingo na mabawa.
Paja lilikuwa chakula cha wenye kazi.
Kitunguu alikibabua kwanza juu ya moto
kikawa cheusi ubavu mmoja, ndipo kiingie sufuriani,
na supu ikachemka kwa kunong'ona
mpaka vioo vya dirisha vikatoka jasho
na mji wote wa Łódź ukapotea nyuma yake.

Jumatatu supu ileile ilivikwa nyanya, ikapewa jina jipya.
Jumanne, nyuzi za nyama zilizochokonolewa mfupani
zilikunjwa ndani ya chapati za maji, kama barua.
Jumatano, viazi vilivyolala viliamshwa kwa unga na yai,
vikakatwa mshazari: kopytka, vikwato,
nasi, mimi na kaka yangu Radek,
tukavila huku tukipiga kwato chini ya meza.
Hivyo kuku mmoja asiye na mapaja
alitembea wiki nzima, ghorofa ya nne, bila lifti.

Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa.
Baba alikaa, mikono yake mezani
kama vyombo vilivyokwisha kuoshwa.
Bandu bandu huisha gogo; Mama aliliona gogo letu,
akaamua kuhesabu kila bandu.
Daftari la bluu, penseli iliyofungwa kwa uzi:

Mayai yenye ufa, kumi.
Mkate wa jana, nusu bei.
Kabichi moja. Majani ya nje nimepewa bure.
Nauli: hakuna. Nimetembea.

Na kila Ijumaa, chini kabisa, kwa mwandiko mdogo:
Mengineyo, groszi tisini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Bomba la shule lilipasuka, tukarudishwa mapema.
Nikamwona nyuma ya kibanda cha magazeti,
kwenye kituo cha tramu, theluji imegeuka tope:
Bogumiła Wrzos, mama yangu,
ambaye juzi tu aliniambia chungwa si tunda la mwezi huu,
anakula donati.
Amesimama. Amefumba macho.
Jamu ya waridi imemgusa kidevu.
Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka,
naye hakuwapo kwa ajili ya mtu yeyote.
Kisha akalamba vidole, kimoja kimoja,
akapangusa sukari kwenye kola,
akatazama kushoto na kulia
kama mtu anayevuka barabara, au aliyeiba.

Niseme kweli: nilikasirika.
Jioni niliikataa supu. Akaimimina tena sufuriani
bila neno, maana supu iliyokataliwa ni supu ya kesho.

Sasa nami huingia dukani saa mbili na nusu usiku,
saa ya kubandika vibandiko vya manjano.
Najua kuisoma bei ya kilo, ile ya herufi za mchwa.
Najua pakiti imepungua gramu hamsini
na mkulima aliyechorwa juu yake bado anatabasamu.
Jibini ya kufa kesho naiokoa leo.
Ngozi za mkate nazisaga.
Sina daftari; nina simu, na simu haina pembe za kukunjika.

Mama alipohamia kwa Radek nilipewa daftari nikalitupe.
Sikulitupa. Nilizifuata Ijumaa zake kwa kidole.
Mengineyo. Mengineyo. Mengineyo.
Wiki ya viatu vya baridi vya Radek: mstari mtupu.
Wiki tatu za mapafu ya Baba: mstari mtupu, mtupu, mtupu.
Kisha nikaufikia ule mwezi wa bomba kupasuka,
Ijumaa iliyofuata, mwandiko uleule mdogo:

Chungwa moja, groszi tisini.

Nalikumbuka. Nililila lote,
hata utando wake mweupe,
na sikumgawia mtu kipande.
Nilidhani machungwa yameshuka bei.